Ngozi ya Ng'ombe wa Ojakol

Callistus Okurut alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na aliitangaza hata kwa wasiomuuliza: pesa isilale. Alikuwa mbadilisha pesa pale Malaba, upande wa Kenya, karibu na lango ambalo matrela hupitia kuingia Uganda. Mchana kutwa alinunua shilingi za Uganda kwa madereva waliotoka Kampala na kuziuza kwa madereva waliokuwa wakielekea huko, na jua likizama hakutaka kubaki na noti ya ng'ambo hata moja. Bei hugeuka usiku, alisema, ukaamka umeshika makaratasi. Aliwajua wenzake waliosema acha nishikilie kidogo, kesho itapanda, na sasa wako stendi wanawabebea watu mizigo. Kwa hiyo usikimbilie kumwita mwizi. Mwizi angekuwa nafuu, maana mwizi angalau hula alichoiba.

Mdogo wake, Ojakol, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa fundi wa mitandao huko Nairobi, mpole, mtu wa kucheka peke yake akitazama simu. Miaka michache kabla ya kufa alikuja nyumbani Amagoro, akauza sehemu yake ya shamba, lile la kando ya barabara kuu, kwa jirani yao Paulinus, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Pesa zote akanunulia hisa za kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kompyuta. Zote, nakwambia, hakubakisha hata za bati. Ukoo ukaketi, ukapiga kelele. Mtu na akili zake anauza udongo anaenda kununua hewa? Wengine walisema amerogwa na wanawake wa Nairobi, ijapokuwa mwanamke wake tunayemjua ni mmoja, Alaso, na alikuwa hapo hapo nyumbani analima.

Ojakol hakubishana nao. Aliwakumbusha tu jambo walilolijua tangu utotoni. Zamani mwenye ng'ombe hakuwaweka wote katika zizi moja, kwa sababu uvamizi mmoja au ugonjwa mmoja ungemaliza mali yote. Mmoja alipelekwa akae kwa rafiki, mbali, ng'ambo ya mto. Rafiki alikunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama walibaki wa mwenyewe, na rafiki hakuwa na ruhusa ya kuuza. Ng'ombe akifa, rafiki alimchuna na kuibeba ile ngozi mpaka kwa mwenyewe, ili mwenyewe aione alama yake aliyoichoma ubavuni, ajue kwamba kweli amekufa na hakuuzwa. Ojakol akasema, basi na yeye ameweka ng'ombe Marekani. Walicheka mpaka pombe ya wimbi ikawapalia, na tangu siku hiyo zile hisa zikaitwa ng'ombe wa Ojakol.

Paulinus hakuwa na haraka na lile shamba. Alimwacha Alaso aendelee kupanda mihogo na mtama wake, na akaahidi mbele ya watu kwamba siku akitaka kuliuza, wa kwanza kuulizwa atakuwa Alaso. Alaso naye alilichukua neno hilo akaliweka moyoni. Lile shamba lilikuwa ndilo alilokabidhiwa siku ya kwanza alipoingia katika boma lile akiwa bibi harusi, na mikono yake ilijua kila jiwe lililokuwa humo. Shamba lilikuwa limeondoka, haya, lakini lingerudi. Ng'ombe angelirudisha.

Halafu figo zikamkamata Ojakol. Alipoona mambo yamekuwa mambo, aliwaita Alaso na Callistus kando ya kitanda, akampa kaka yake ile simu pamoja na namba za siri. Alisema polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa imepungua. "Kiangazi kitakuja. Atakonda mpaka mbavu zionekane. Usiuze mpaka Alaso mwenyewe aseme."

"Nimesikia," Callistus akasema.

Na kweli alisikia. Baada ya mazishi ukoo ulimkabidhi nyumba ya marehemu aiangalie, na aliiangalia. Alimpelekea mama Anyait, kama alivyomwita Alaso kwa jina la bintiye, mbolea na sukari bila kuombwa. Kila siku ya soko Alaso alipokuja Malaba na mihogo yake, alipita mezani kwa shemeji yake, akatua mzigo, akauliza swali lake lile lile. Hakuuliza ni pesa ngapi. Aliuliza kama anavyoulizwa mgonjwa au mnyama wa zizini: "Amelalaje?"

Callistus alikuwa akifungua simu, anatazama, anajibu amenona au amenenepa kidogo. Alaso anashukuru, anainua mzigo, anaenda zake. Yalikuwa mazungumzo mafupi na Callistus aliyapenda, kwa sababu siku zile hayakumwuma popote.

Mwaka wa uchaguzi ndipo kiangazi kilipoingia. Zile namba kwenye simu zikawa nyekundu, zikashuka, zikapumzika kidogo kama zinamtega mtu, zikashuka tena. Callistus akaanza kuchungulia simu kabla ya kunawa uso. Akaanza kukosea chenji, yeye ambaye madereva walimsifu kwa mkono wake mwepesi. Alipomweleza Alaso, alimweleza akiwa roho juu juu, akitarajia mwanamke yule ashike kichwa, aseme uza shemeji, tuokoe hata mkia. Alaso alisikiliza mpaka mwisho, akasema kiangazi kimeingia, Ojakol alisema kitakuja, akauliza kama kuna mtu anayenunua mihogo mikavu upande wa pili. Utulivu ule ulimkasirisha Callistus. Aliuona ni ujinga. Mtu asiyejua bei hugeuka vipi ndiye anayeweza kutulia hivyo, alijiambia, na mimi ndiye niliyeachiwa simu.

Siku moja alasiri, wakati matrela yamesimama foleni na yeye hana mteja, alifungua simu akakuta zimeshuka tena. Mwili wote ukamwambia kile ambacho ulikuwa umemwambia kila jioni kwa miaka yote ya kazi yake. Akabonyeza, akauza zote.

Niseme ukweli, alijisikia vizuri. Jioni ile alikula ugali na samaki wa ziwani kutoka Osieko mpaka akaomba wa pili, mkewe Truphena akamtania kwamba leo ametoka kifungoni. Alilala usingizi wa mtoto. Hakuwa amekusudia ubaya wowote, usimsingizie. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa: hisa zitaendelea kushuka, yeye atazinunua tena kwa bei ya chini, idadi ile ile, na itakayobaki atampelekea Alaso kwenye bahasha. Atamwambia, shemeji, ng'ombe wako amezaa. Aliipenda sana picha ile ya bahasha. Ndiyo kazi yake, jamani, kuuza juu na kununua chini, na alikuwa ameifanya maisha yake yote bila kosa.

Lakini zile hisa hazikushuka tena. Zilisimama, zikainuka kidogo, naye akasema zinadanganya, zitarudi. Zikainuka zaidi. Watu wa dunia nzima wakaanza kuzungumza habari za kompyuta zinazofikiri, na kumbe akili za kompyuta hizo zilikuwa zile chipu za kampuni ya Ojakol. Zikapanda mara mbili ya alipouzia, kisha zikapita hapo zikaenda mahali ambapo Callistus alifikicha macho akidhani simu imeharibika. Ile pesa ya mauzo ilikuwa benki, kando, nzima. Hakuigusa. Hata siku karo ya wanawe ilipomfika shingoni hakuigusa. Ilikaa pale imelala, pesa ya kwanza maishani mwake aliyoiacha ilale, nayo kila asubuhi ilitosha kununua ng'ombe mdogo kuliko jana.

Na Alaso aliendelea kuja siku za soko. Amelalaje? Callistus alifungua simu na kumsomea bei ya kweli. Hapo ndipo aibu yake ilipokuwa na ujanja, kwa sababu hakuwa anasema uongo. Ng'ombe kweli alikuwa amenona, ng'ombe kweli alikuwa anang'aa. Ila hakuwa wa Alaso tena. Alaso alitabasamu, na siku moja alicheka kwa sauti, akasema laiti wale wa ukoo wangekuwa hai wote waone. Callistus akacheka naye, akafunga simu.

Alianza kuomba. Alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa, mtu wa kiti cha tatu kutoka mbele, na kanisa zima lilipoinama kuombea mvua yeye aliinama kuiombea hasara kampuni ambayo hajawahi kuona hata mlango wake. Aliomba mitambo yao iungue, mabwana wao wagombane. Alikuwa anaomba ng'ombe wa ndugu yake marehemu augue, na alijua ndicho anachoomba, na akaomba hivyo hivyo akisindikiza na ishara ya msalaba. Akitoka nje alimsalimia Alaso kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata Paulinus alipata shida ya mtaji. Alimwendea Alaso, kama alivyoahidi, akamwambia anaweza kumrudishia shamba kwa malipo ya kidogo kidogo, msimu kwa msimu, au kwa mkupuo mmoja kama anazo. Alaso alifunga safari mpaka Malaba siku isiyo ya soko, amevaa viatu vya kanisani. Akamwuliza shemeji yake kama ng'ombe sasa anatosha kulirudisha shamba, au ajikaze alipe kidogo kidogo kwa mihogo na mtama.

Angalia basi mlango ulivyokuwa wazi. Callistus angesema ukweli siku ile, Alaso angelia, angemtukana, halafu angeanza kulipa kidogo kidogo na shamba lingekuwa lake. Lakini Callistus alikuwa na hakika kwamba bei itashuka mwaka ule. Kilichohitajika ni muda tu.

"Ngojea," alimwambia. "Bado anakua. Mwambie Paulinus angoje."

Alaso alimwamini. Akaenda akamwambia Paulinus angoje, na Paulinus akakopa kwingine.

Mwanzoni mwa mwaka huu bei ilishuka kweli. Ilishuka vibaya, kwa siku kadhaa mfululizo, na Callistus alikaa mezani akicheka chini chini. Angeweza kununua. Asingepata idadi yote, lakini angepata ng'ombe mwenye miguu. Akakataa. Alitaka irudi mpaka pale pale alipouzia, senti kwa senti, ili dhambi ifutike yote isibaki hata doa. Akangoja. Yeye ambaye hakuweza kuvumilia ilipotakiwa, sasa alivumilia. Bei ikageuka, ikapanda, ikapita mahali ilipokuwa kabla ya kushuka, na Callistus akafunga simu akaiweka kifudifudi.

Ndipo wakaja watu wa yadi. Kampuni moja ya usafirishaji ilikuwa inatafuta uwanja wa kuegesha matrela, na hakuna ardhi iliyowafaa kama lile shamba la barabarani. Walimpa Paulinus bei ambayo mtu hakatai. Paulinus, mtu wa ahadi, alimwendea Alaso tena. Alimpa mpaka Ijumaa. Akisema ana pesa, yeye Paulinus atawarudisha watu wa yadi walikotoka.

Alaso akaja mezani, na safari hii hakuuliza amelalaje. Alibaki amesimama. "Shemeji, nimesema sasa," alimwambia. "Mchinje."

Callistus alikuwa ameufanyia mazoezi ukweli mara nyingi, hata njiani akiendesha baiskeli. Mdomo ulipofunguka, kilichotoka hakikuwa hicho. Alisema ng'ombe amekufa. Kampuni imeanguka, alisema, ghafla, wiki hii, huko Marekani watu wanalia, hakuna kilichobaki.

Alaso aliketi chini, pale pale kwenye kokoto, na matrela yanapita. Callistus alimwona anachezesha kidole kwenye vumbi, akataka ardhi impasukie. Mwisho mwanamke yule aliinuka, akajikung'uta sketi.

"Pole," alisema, kana kwamba aliyefiwa ni Callistus. "Umemchunga miaka mingi. Niletee ngozi."

Akaenda. Callistus alibaki amekaa, wateja wanamwita bosi, bosi, hasikii. Ngozi. Wewe ungempelekea nini? Hakuna kinachochunwa kwenye hisa. Alifikiri labda alisema tu kwa uchungu, kama mtu anavyosema maneno kwenye matanga. Lakini alimjua Alaso. Mwanamke yule hakuwa na maneno ya ziada. Alitaka kuonyeshwa.

Alhamisi asubuhi akaingia saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, akamwomba dada wa pale amtolee kwenye karatasi ule mchoro wa bei wa miaka yote, mstari mtupu unaopanda na kushuka, bila tarehe. Ulitoka mzuri, wenye rangi. Upande wa kushoto mstari ulipanda, ukafika kilele, ukaporomoka mpaka chini kabisa, mwaka ule wa uchaguzi. Kisha ukainuka ukapaa kuelekea pembe ya juu kulia. Callistus aliazima mkasi. Akakata karatasi pale mstari ulipogusa chini, ule upande mwingine akaukunja akautia mfukoni. Kilichobaki mkononi kilikuwa kifo kisicho na shaka. Dada wa saiba alimtazama, akapokea pesa yake.

Alimkuta Alaso shambani. Alikuwa anang'oa mihogo, hata ile ambayo haijakomaa, mizizi myembamba kama vidole, anairusha kwenye gunia. Kama hakuna pesa hakuna shamba, na matrela hayangojei mihogo. Alinawa mikono kwa maji ya kidumu, akaifuta, akaipokea karatasi kwa mikono miwili.

Callistus akamweleza. Hapa alikuwa ananona, hapa ugonjwa ulianza, hapa akafa. Sauti yake ilikuwa nzuri, yenye huzuni ya kutosha. Alaso alifuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, na kidole kilipofika kwenye ukingo wa karatasi hakikusimama, kiliteremka kando ya ukingo wenyewe, polepole. Akaigeuza karatasi. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa juu, wa chini, wa kushoto, zote zimenyooka kama zilivyotoka kwenye mashine. Akaurudia ule wa kulia, uliopinda kwa mkasi wa mtu mwenye haraka.

"Ngozi hii imekatwa," alisema.

Callistus alijua, na Alaso alijua, na kila mtoto wa boma lile alijua ni ngozi ya namna gani huletwa imekatwa ubavuni, pale penye alama. Ni ngozi ya ng'ombe mwingine. Wako aliuzwa.

Akatia mkono mfukoni akatoa kile kipande kilichokunjwa, akampa. Alaso alivikutanisha vipande viwili juu ya paja lake, mkato kwa mkato, akauona mstari ukiinuka kutoka chini na kupaa mpaka pembeni. Hakuhitaji kuelezwa maana yake. Callistus alimweleza hata hivyo, yote, kuanzia ile alasiri ya foleni, na alipomaliza alisema kwamba pesa ipo, nzima, hajala hata senti.

"Inatosha shamba?" Alaso akauliza.

"Haitoshi. Hata robo."

"Na angekuwepo leo, angetosha?"

Angeweza kusema sijui. Nasema hivi kwa sababu ni jambo pekee la heshima alilolifanya katika habari hii yote, na silitaki lipotee. "Angetosha, na kubaki."

Alaso alitikisa kichwa, kama mtu anayehesabu mistari ya mtama. "Na mwaka jana? Siku nilipokuja na viatu vya kanisani?"

"Angetosha," Callistus akasema.

Alaso hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alivikunja vipande vya karatasi, akaviweka chini ya kidumu visipeperuke, akarudi kwenye mihogo. Callistus alisimama pale kama mti uliosahauliwa shambani, halafu akavua koti, akavua na ule mkoba wa pesa wa tumboni ambao hakuwahi kuuvua mbele ya watu, akapiga magoti akaanza kung'oa. Alaso alimwacha ang'oe. Walifanya kazi mpaka kiza, wakionyeshana tu magunia yaliyojaa.

Ijumaa alizunguka Malaba nzima akitafuta mtu wa kununua vyumba vichache vya kupangisha alivyokuwa navyo, apate pesa ya shamba. Alikwenda mpaka Busia kwa tajiri mmoja aliyekuwa akivitamani siku nyingi. Lakini mtu anayetaka kuuza leo leo hunusika, na bei alizotajiwa zilikuwa za kumcheka. Hata hizo alizikubali, akaambiwa pesa zitapatikana wiki ijayo. Paulinus alingoja mpaka jioni, zaidi ya alivyoahidi, akatia sahihi.

Wiki iliyofuata matingatinga yalikuwa yamesawazisha shamba lote. Siku ya soko Alaso alikuja mezani bila mzigo. Callistus aliinuka akampa kiti, akampa ile bahasha ya benki, pesa yote ya ng'ombe. Alaso hakuigusa.

"Irudishe alikokuwa," alisema.

Callistus hakuelewa. Alaso akamwambia amnunue tena, hata kama pesa ile sasa ni ya ndama tu. Callistus alianza kueleza, karibu kwa kulia, kwamba bei sasa iko juu sana, kwamba inaweza kuporomoka kesho, kwamba pesa hii ndiyo pekee iliyobaki, anunue mashine ya kusaga, anunue kitu kinachoshikika. Alaso alimsikiliza vizuri mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza mwaka ule wa uchaguzi.

"Ojakol alisema asiuzwe mpaka niseme," alimjibu. "Mimi nilisema wiki jana. Wewe ulikuwa umesema kabla yangu. Sasa mnunue, na utamshika wewe, kwa simu hiyo hiyo." Alifunga kitambaa chake vizuri. "Si kwamba nimekusamehe, shemeji. Nataka tu ujue ilikuwaje kungoja."

Alinunua mbele yake.

Yadi imefunguliwa. Matrela hulala pale usiku na mchana, na madereva wakishuka, mbadilisha pesa wa karibu kuliko wote ni Callistus Okurut. Hajawahi kupata biashara kama hii. Wanasimama mstari mezani pake, wanamwita bosi, na viatu vyao vina udongo mwekundu wa shamba la Ojakol. Kila jioni anauza shilingi za Uganda mpaka noti ya mwisho kama zamani. Kisha anafungua simu, anatazama yule ndama, na kidole chake kinakaa karibu na mahali pa kuuzia, na anakirudisha mfukoni. Truphena amemwuliza kama anaumwa. Amesema tumbo.

Juzi bei ziliporomoka. Namba zikawa nyekundu kama mwaka ule, na asubuhi zikawa chini zaidi. Ilikuwa siku ya soko. Alaso alipita na debe la mihogo aliyonunua kwa mtu ili aiuze, kwa sababu sasa hana yake. Alisimama mbele ya meza, akasubiri dereva mmoja ahesabu noti zake aondoke.

"Amelalaje?"

"Amekonda," Callistus akasema. "Amekonda sana."

"Hujauza."

"Sijauza."

Alaso alimtazama usoni, macho yale mekundu, mashavu yaliyoingia ndani. "Na wewe?" akauliza. "Umelalaje?"

Callistus akaigeuza simu kifudifudi. "Sijalala," akasema.

Alaso aliitikia kwa kichwa, akainama, akainua debe lake mwenyewe kabla Callistus hajainuka kumsaidia, akaenda sokoni.